Swali la lugha: Herufi adimu za Kiswahili ni zipi, na "ch" ni moja au mbili?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha wasomaji kumi na wawili hapa Tanga. Jamaa zetu walioko Kanada wametuletea shindano la kusoma: kila mtu asome kitabu kimoja kwa kila "herufi ngumu", yaani Q, U, V, X, Y na Z, na jina la kitabu lianze na herufi hiyo. Tumekwama. Vitabu vya U tunavyo tele, vya X hatuna hata kimoja. Kiswahili kina herufi ngapi hasa? "Ch" tuihesabu moja au mbili? Na "ng'" je?

JIBU: Marahaba. Kilichowakwamisha ni orodha, si uchache wa vitabu. Herufi hizo sita zilichaguliwa kwa kuangalia majina ya vitabu vya Kiingereza, na kila lugha ina uhaba wake. Mkiichukua orodha ya watu mtahangaika na X isiyokuwapo, na herufi zetu zilizo adimu kweli mtazipita bila kuziona. Kwanza, basi, badilisheni neno: semeni herufi adimu, si herufi ngumu. Herufi haina ugumu. Inapatikana kwa wingi au kwa uchache.

Tuanze na hesabu. Abjadi ya Kiswahili Sanifu ina herufi 24: a, b, ch, d, e, f, g, h, i, j, k, l, m, n, o, p, r, s, t, u, v, w, y, z. Q na X hazimo. Sauti zake zinapokuja na neno la kigeni huandikwa kwa herufi tulizonazo: kadhi na Kurani kwa k, taksi, boksi na eksirei kwa ks. C nayo haisimami peke yake. Fungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, mtaona maneno ya sehemu hiyo yanaanza na ch. Kwa hiyo "ch" ni herufi moja, na Chozi la Heri ya Assumpta Matei inaingia kwenye Ch bila mjadala.

Ugomvi huanzia kwa ndugu zake: dh, gh, kh, ng', ny, sh na th. Hizi nazo ni alama mbili (ng' ni tatu) zinazosimamia sauti moja, lakini kamusi haizipi mlango wake. Dhahabu imo chini ya D, shamba chini ya S, nyota chini ya N. Sababu ni kwamba D, S na N zinasimama zenyewe, hivyo mlango upo tayari. C haisimami, ndiyo maana ch imemiliki mlango wote. Ushauri wangu: raundi ya kwanza iwe ya milango 24 ya kamusi. Raundi ya pili, kwa wenye pumzi, iwe ya herufi pacha saba nilizozitaja. Msizichanganye raundi hizo. Mkizichanganya, mmoja atadai Shida ya Ndyanao Balisidya ni S, mwenzake atadai ni Sh, na wote wawili watakuwa na haki.

Mb, nd, nj, nz na ng isiyo na ritifaa (ile alama ya ') msiziite pacha. Hizo ni sauti mbili zilizofuatana. Tamkeni "ngoma", kisha "ng'ombe". Katika ngoma, baada ya sauti ya puani mnasikia g ikipasuka. Katika ng'ombe hakuna g kabisa, ni sauti moja ya puani mpaka mwisho. Jaribio hilo linatosha kumaliza ubishi wowote.

Sasa uhaba wenyewe. Jina la kitabu cha Kiswahili mara nyingi huanza na nomino, na nomino ya Kiswahili mara nyingi huanza na kiambishi cha ngeli. Hapo ndipo siri ilipo. M- na wa- za watu, m- ya miti, ma- ya wingi, ki- ya vitu, u- ya dhana, ny- na n- za ngeli ya I/ZI: viambishi hivyo ndivyo vinavyojaza rafu. K inaongezewa na ku- ya vitenzi-jina, ndiyo maana Shaaban Robert peke yake anawapa Kusadikika na Kufikirika. U, ambayo jamaa zenu wanaihesabu kuwa taabu, kwetu ni mafuriko: Utengano, Utubora Mkulima, Uhuru wa Watumwa, Usiku Utakapokwisha. Z nayo haina shida, zipo Ziraili na Zirani ya William Mkufya na Zawadi ya Ushindi ya Ben Mtobwa. V ni chache kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu vi- ni ya wingi na waandishi wetu hupenda kuita kitabu kwa umoja.

Zilizo adimu kweli ni E, O, I, Y na R, kila moja kwa sababu yake.

E, O na I ni irabu, na irabu ya mwanzo wa shina hujificha nyuma ya kiambishi. Shina la -ombo halionekani likianza na o: ki- ikikutana na irabu mara nyingi huwa ch-, vi- huwa vy-, tunapata chombo na vyombo. Shina la -ezi limefichwa na mw- katika mwezi, na -imbo liko nyuma ya w- katika wimbo na ny- katika nyimbo. Zinazobaki wazi ni nomino zisizo na kiambishi, nyingi zikiwa za mkopo: elimu, enzi, embe, orodha, imani, insha. A ingekuwa na shida hiyohiyo, lakini inaokolewa na a- ya nafsi ya tatu, kama katika Amezidi ya Said Ahmed Mohamed.

R ni kisa kingine. Nomino zetu zinazoanza na r kwa sehemu kubwa ni za mkopo: rafiki, rangi, roho, redio. Neno lenye asili ya Kibantu kama -refu huanza na kiambishi (mrefu, kirefu, urefu), na likipata n- hata hiyo r inapotea, tunasema ndefu. Y haina ngeli inayoitumia kama kiambishi cha nomino. Mara nyingi huja kwa upatanisho (yangu, yale, yaliyopita), kwa majina ya watu kama Yusufu na Yohana, au kwa nomino chache kama yai na yatima.

Mkishajua sababu, mnajua pa kutafuta. Kitenzi cha kuamrisha huvuliwa kiambishi na kubaki shina tupu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inaingia V kwa njia hiyo, na Tambueni Haki Zetu ya Penina Muhando inaingia T. Kwa hiyo mkitafuta E, O au R, tafuteni pia majina yanayoamrisha: endeni, ona, rudi. Mlango wa pili ni kiambishi cha upatanisho kinachosimama mbele ya kitenzi. Lina Ubani, ya Muhando huyohuyo, imepata L kwa njia hiyo. Msingi wake ni methali "La kuvunda halina ubani", na li- hiyo ni ya jambo. Y nayo itafuteni huko, kwenye majina yanayoanza na ya- au yu-. Mlango wa tatu ni ukubwa: nyoka akikuzwa huwa joka, na Joka la Mdimu inawapa J.

Kwa herufi moja moja: R chukueni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. O chukueni Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds iliyosomwa sana katika sekondari za Tanzania. I ipo Insha na Mashairi ya Shaaban Robert, na ipo Inkishafi, ambayo inastahili maneno kidogo.

Kiswahili hakina neno kama "the" la Kiingereza, ambalo huko huachwa wakati wa kupanga vitabu. Sisi tunakutana na tatizo la namna hiyo mahali pawili tu. La kwanza ni "Al-" ya Kiarabu. Utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huandikwa Al-Inkishafi, lakini watu wengi husema Inkishafi tu. Al- si sehemu ya shina, na Waarabu wenyewe huiacha wanapopanga. Ihesabuni I. La pili ni maneno ya aina ya kitabu: Utenzi wa, Utendi wa, Diwani ya, Hadithi za, Kisa cha. Mkiyahesabu, tenzi zote zitalundikana U. Mkiyaacha kiholela, mtu ataita kitabu atakavyo. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: neno la aina liachwe pale tu ambapo watu hukiita kitabu bila neno hilo. Inkishafi inapita. Utenzi wa Vita vya Uhuru haipiti, kwa sababu hakuna anayesema "nimesoma Vita vya Uhuru" akimaanisha utenzi huo, inabaki U.

Mtahitaji pia kanuni ya toleo: herufi isomwe kwenye jalada la nakala iliyo mkononi. Tahajia hubadilika. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare ilitoka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na mwaka 1969 ikaitwa Juliasi Kaizari. Hapo herufi ya kwanza imebaki J, lakini kwa kh hali ni tofauti: maandishi ya zamani yana kheri na khabari, ya sasa yana heri na habari. Bila kanuni hii, kitabu kimoja kitadaiwa H na Kh kwa pamoja.

E ndiyo itakayowachosha kuliko zote kwa majina ya vitabu. Hapo ruhusuni jina la mwandishi, na mtashangaa: Euphrase Kezilahabi, Ebrahim Hussein, Emmanuel Mbogo, Edwin Semzaba. Ila amueni mapema kama ni jina la kwanza au la mwisho. Maktaba humpanga Shaaban Robert kwenye R, lakini majina mengi ya pwani na visiwani ni jina la mtu, la baba na la babu, hakuna la ukoo. Kumweka Said Ahmed Mohamed kwenye M ni mazoea ya maktaba tu. Mimi ningechagua jina la kwanza kwa wote. Ndilo la mtu mwenyewe, na ndilo linalowapa E.

Kabla ya kuanza, fanyeni kazi ya jioni moja. Andikeni milango 24 kwenye karatasi, piteni rafu za maktaba yenu na za nyumbani, na chini ya kila herufi andikeni majina mnayoyaona kwa macho, si mnayoyakumbuka. Herufi yenye majina pungufu ya matatu iitwe adimu. Hiyo ndiyo orodha yenu halali, maana shindano la watu kumi na wawili linategemea nakala zilizopo. Kosa ninalolitabiri ni kila mtu kuanza na M na K kwa kuwa ziko karibu, kisha mwezi wa mwisho wote kumi na wawili wagombee nakala moja ya Orodha. Gaweni herufi adimu kwa zamu tangu wiki ya kwanza. Nyingine kila mtu atajipangia.

Raundi ya pacha ina vitabu vizuri sana. Dh ipo Dhifa, diwani ya Kezilahabi. Ny ipo Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Sh ipo Shida niliyoitaja, na Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kiswahili. Gh, th, kh na ng' mwanzoni mwa jina ni taabu, basi legezeni: ziruhusiwe popote ndani ya jina la kitabu au la mwandishi. Hapo Pambo la Lugha ya Shaaban Robert inatoa gh. Fungate ya Uhuru inatoa kh kwa mwandishi wake, Muhammed Seif Khatib. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o inatoa th jaladani na ng' mara mbili katika jina la mwandishi, ila mtu achague moja. Kwa legezo hilohilo, mwenye kuing'ang'ania X anaweza kusoma Kaptula la Marx ya Kezilahabi. Q iacheni.

Nimalizie na ritifaa, kwa sababu ndipo kikundi kitakapokosea kuandika. Ritifaa ya ng' ni sehemu ya herufi, haijala irabu yoyote. Ngoma ya Ng'wanamalundi ya Mbogo inaonyesha zote mbili kwenye jalada moja: ng ya kwanza ni sauti mbili, ng' ya pili ni sauti moja, na neno lenyewe limebeba ng'wana ya Kisukuma, yaani mwana. Ritifaa ya N'kuvute, na ya N'tilie katika Watoto wa Mama N'tilie, ni nyingine kabisa: imeshika nafasi ya i iliyodondoka, ni-kuvute, ni-tilie. Hiyo ni N ya kawaida na haihesabiwi pacha. Na mkiweka orodha kwenye kompyuta au simu, kubalianeni ritifaa ya umbo moja, ile iliyonyooka. Simu nyingi huigeuza kuwa iliyopinda, na jedwali likitafutwa kwa moja haliioni nyingine, kitabu kikaonekana hakimo kumbe kimo.