Bi Nesi Anajibu: Karatasi ya mgonjwa wa nyonga, na nani amwambie daktari

SWALI: Assalaam alaykum Bi Nesi. Mie ni nesi wa wodi ya upasuaji huku Pemba. Tumeletewa karatasi mpya ya mgonjwa alovunjika nyonga, imepangwa siku ya kwanza afanyiwe nini, ya pili nini, mpaka siku anaporuhusiwa, na kila mtu ana sehemu yake ya kujaza, daktari, nesi, fizio (mtu wa mazoezi ya viungo), mtu wa famasi, mpaka mtu wa usingizi. Wametwambia itatufanya tufanye kazi kwa umoja. Basi ilivyo ni kwamba daktari mmoja kasema hizo resipi za kupikia na yeye hakusomea upishi, fizio anakuja Ijumaa anajaza wiki nzima kwa mkupuo, na sie manesi ndo tunafukuzana na watu watie saini. Hii kweli italeta umoja au ni karatasi juu ya karatasi? – Nesi wa zamu

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Karatasi peke yake haileti umoja, na kama imekuja imeshachapwa mkaambiwa jazeni tu, hayo unayoyaeleza hayanishangazi hata kidogo. Ila usiitupe.

Huyo daktari wako anaona kaletewa kitu cha kumbana na watu wa ofisini, mwambie historia yake. Upangaji wa namna hii ulianzia viwandani Marekani miaka ya 1950, hospitali ukaingia katikati ya miaka ya 1980, New England Medical Center kule Boston, na waloubeba ni manesi, Karen Zander na wenzake. Tusifichane, pesa nayo ilikuwemo, maana toka 1983 bima ya serikali ya wazee kule ilianza kuzilipa hospitali kiwango kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa, kwa hivyo mgonjwa akikawia kitandani gharama za hospitali zinapanda na malipo ni yale yale. Lakini kazi yenyewe ni ya wodini, kuweka shughuli za watu wote wanaomgusa mgonjwa mmoja kwenye ratiba moja.

Sasa hilo swali lako la umoja lishapimwa, tena kwa wagonjwa kama wenu. Ulaya walichukua timu 30 za hospitali, wafanyakazi 581, wanaohudumia waliovunjika nyonga na wenye ugonjwa sugu wa mapafu, baadhi zikapewa mpango wa namna hii na nyengine zikaendelea kama kawaida yao, bila ya mtu kuchagua, kwa kura. Matokeo yakatoka 2013. Timu zenye mpango zilikuwa bora kwenye kumaliza migongano yao, zilikuwa tayari zaidi kujaribu mambo mapya, huduma imepangika, na watu wake hawajachoka ile choka ya roho ambayo unaingia zamu huku unatamani ishe. Lakini ile kupashana habari kwa wakati na kuheshimiana baina ya kada na kada, hapo hawakuona tofauti ya maana.

Mie hilo la mwisho ndo nalikamatia. Ugomvi unapungua kwa sababu mambo mengi yashaamuliwa kabla, hakuna haja ya kubishana kila asubuhi nani atoe mpira wa mkojo na lini. Kuongea lakini mtu haongei kwa sababu kuna kiboksi cha kutia vema. Nikupe mfano mnaoujua nyote: bibi wa nyonga kaandikwa tiata, chumba cha upasuaji, asubuhi, hajala toka usiku, ikaingia dharura ya uzazi yeye akasogezwa, tiata wanajua, daktari anajua, wodini hakuna alopigiwa simu, nesi wa mchana kakuta kibao cha "asile" kitandani na yeye akakiacha, bibi anakaa mpaka saa 10 jioni mdomo umekauka na presha inashuka halafu anaambiwa kesho. Na maji matupu mgonjwa wa kawaida anaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla ya usingizi, chakula chepesi masaa sita. Karatasi yenu nadhani imeandika tu "afunge kabla ya operesheni". Imeandika listi ikibadilika nani ampigie nani? Kama haijaandika basi hapo ndo pa kuanzia, na huwezi kupaandika peke yako wewe nesi, lazima mtu wa tiata na mtu wa usingizi wawepo akwambie kila mmoja yeye anajua saa ngapi.

Kwa hivyo ushauri wangu, chukueni faili moja la mgonjwa alokwisharuhusiwa, kaeni mezani pamoja hata nusu saa, fizio naye awepo, mlifuate ukurasa kwa ukurasa muone alikwama wapi. Mtashangaa. Fizio atawaambia yeye anafika siku ya pili kumsimamisha mgonjwa anamkuta hajapewa dawa ya maumivu, anajaribu, mgonjwa analia, anaondoka, na ninyi mnaandika "fizio hajamfanyisha mazoezi". Baada ya hapo ifanyieni marekebisho hiyo karatasi, futeni yasiyowezekana hapo kwenu (kama eksirei haifanyi kazi wikiendi msiandike eksirei Jumamosi, mnajidanganya nini?) na muwe mnarudi kuitazama.

Na usidhani haya ni ya Wazungu tu. Hapa hapa Unguja, wodi ya wazazi ya Mnazi Mmoja, kati ya 2014 na mwanzoni mwa 2016 walifanya mradi unaitwa PartoMa. Miongozo ya kimataifa ya uzazi ilikuwepo lakini haikuendana na wodi ambayo mkunga mmoja ana wazazi kadhaa kwa wakati mmoja, basi wakakaa na wakunga na madaktari wenyewe wakatengeneza kijitabu cha mfukoni cha kurasa 8, na semina fupi kila baada ya miezi kadhaa, wakunga na madaktari pamoja. Watoto wanaozaliwa wameshafariki wakashuka kutoka 59 kwa kila uzazi 1,000 mpaka 39. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada, hakuna hospitali ya pili ya kulinganishia, kwa hivyo huwezi kusema yote ni kazi ya kijitabu. Mie lakini nikitazama naona waliokitumia ndo waliokaa kukitengeneza, na mkunga akimwita daktari kwa mapigo ya moyo ya mtoto wote wawili wanasoma ukurasa mmoja, hakuna wa kuuliza "nani kakwambia".

SWALI: Bi Nesi shikamoo. Mie ni daktari kijana, nipo Unguja. Hii miongozo imetugeuza manesi kuwa wakaguzi wetu. Juzi mgonjwa wangu ana figo mbovu, nikamuachisha dawa ya maumivu iliyoandikwa kwenye mpango, nesi akaniambia mbele ya mgonjwa "dokta umekiuka". Mie nilisomea miaka mingapi? – Dokta

JIBU: Marahaba baba. Kwenye dawa uko sawa kabisa, mgonjwa wa figo zile dawa za jamii ya diklofenaki ni za kuepuka. Kwenye kuudhika hapo tuongee.

Mpango wowote wa maana una nafasi ya kuandika umetoka nje ya njia na kwa nini. Umeandika? Maneno matatu tu, "figo, kreatinini juu" (kile kipimo cha damu cha figo), na nesi wa usiku asingempa ile dawa kwa kufuata mpango. Huyo alokwambia umekiuka hakuwa na namna ya kujua kwamba umefikiri, kaona sehemu tupu. Uingereza walikuwa na mpango maarufu wa kuwahudumia wagonjwa wanaokaribia kufa, uliitwa Liverpool Care Pathway, ulitengenezwa kwa nia nzuri sana, lakini ikafika pahala baadhi ya wodi zinautia vema tu bila ya kumtazama mgonjwa wala kuzungumza na jamaa zake, tathmini ya 2013 ikapendekeza uondolewe na ukaondolewa. Kwa hivyo mtu wa kutoka nje ya mpango kwa sababu iliyoandikwa tunamuhitaji, wewe usijione mkaidi.

Kuhusu huyo nesi, mbele ya mgonjwa hakufanya vizuri, mngetoka nje mkasemezana. Ila swali lake lilikuwa halali na nakuomba usimkatishe tamaa, maana siku atakayonyamaza ndo siku ya hatari. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwenye miji 8, mmoja wao Ifakara huku Tanzania bara, vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Na moja ya mambo yaliyomo ni kwamba kabla ya kisu kila mtu mule ndani anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Watu wanacheka, mnajuana nyote mnajitambulisha nini, lakini mtu akishatoa sauti mara moja inakuwa wepesi kutoa ya pili akiona damu haijaletwa.

SWALI: Mama yangu kalazwa, kila anaekuja ana lake, mmoja kesho anatoka, mwengine bado wiki. Naweza kuomba kuona huo mpango? – Mtoto wa mgonjwa

JIBU: Muombe inchaji wa wodi, mapema baada ya raundi, si wakati wa kugawa dawa. Muulize mambo mawili: mama anatakiwa aweze nini ndo aruhusiwe, na nani anaeamua. Ukipata majibu mawili tofauti waambie hapo hapo wote wawili wakiwepo, kwa adabu, wala hutakuwa umewakosea.