Kushuka kwenye Google si lazima iwe adhabu
Wasomaji wamepungua ghafla na unajiuliza kama Google wameifungia tovuti yako? Hapana ndugu, si lazima iwe hivyo. Adhabu inayotolewa na wakaguzi wao huonekana wazi ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Ukikuta hakuna kitu, basi huenda ni mfumo wa kupanga matokeo uliobadilika. Septemba 2023 na Machi 2024 tovuti nyingi ndogo zilianguka hivyo hivyo. Tovuti ya HouseFresh, ambao hupima wenyewe mashine za kusafisha hewa, walilalamika hadharani kwamba majarida makubwa yamewekwa juu yao kwenye matokeo. Inauma, maana kazi yao ni ya kweli. Usifute makala kwa hofu. Hata ukirekebisha tovuti, Google wenyewe wanasema kupanda tena huweza kuchukua miezi, pengine mpaka sasisho kuu lijalo, yaani badiliko kubwa la mfumo huo wa kupanga matokeo.