Kabla ya kubadilisha jiko, badilisha upikaji wa maharage

Nyumba nyingi mjini zina mtungi wa gesi na jiko la mkaa kwa pamoja. Gesi ni ya chai, mayai na kupasha kiporo; mkaa ni wa maharage, makande, makongoro na nyama ngumu. Mgawanyo huo ndio unaofanya mkaa uendelee kununuliwa hata baada ya mtungi kuingia ndani. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri, lakini mazungumzo yake mengi yanahusu mitungi na majiko, na sufuria inasahaulika. Maharage yanayokaa motoni saa tatu ni ghali kwa nishati yoyote ile. Yakihitaji moto wa dakika ishirini tu, gesi haiogopeshi tena, na hata anayebaki na mkaa kwa sasa anatumia kidogo na kuvuta moshi kidogo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoondoa mabishano. Kilo moja ya mkaa ina joto la takriban megajuli 29. Kwenye jiko la bati la kawaida ni kama sehemu moja ya tano tu inayoingia kwenye sufuria; iliyobaki inapotelea hewani na kwenye bati lenyewe. Jiko lenye udongo ndani, ukilitunza, hufikisha karibu asilimia 30. Kilo moja ya gesi ina megajuli 46, na zaidi ya nusu yake huingia kwenye chakula. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa kwenye jiko la bati, au tatu kwenye jiko la udongo. Mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 24 za mkaa wa jiko la bati. Chukua bei ya mkaa mtaani kwako, upime kwa kilo na si kwa kisado, uzidishe kwa 24, kisha ulinganishe na bei ya kujaza mtungi huo. Wengi wakifika hapo wanagundua kuwa mkaa ulionekana rahisi kwa sababu tu unanunuliwa kidogo kidogo.

Halafu kuna miti. Tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo linakula kilo sita hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Kila kilo usiyoichoma imeacha mzigo huo porini.

Kuloweka

Hakuna hatua inayookoa nishati nyingi kwa gharama ndogo kuliko hii, na bado watu wanairuka kwa sababu maharage huwa yanakumbukwa saa nne asubuhi. Dawa yake ni kuloweka usiku wakati wa kuosha vyombo vya chakula cha jioni, kila siku ileile ya wiki, maharage ya kutosha milo mitatu au minne.

Chambua, osha, kisha mimina maji mara tatu ya ujazo wa maharage, maana yatavimba karibu mara mbili. Weka chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita moja na nusu ya maji. Hapo kuna imani kwamba chumvi inayafanya maharage kuwa magumu. Kwenye maji ya kulowekea ni kinyume chake: sodiamu ya chumvi inachukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu zinazolishikilia ganda, nalo linalainika na halipasuki ovyo. Kinachogomesha maharage kweli ni vitu vichachu. Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie kabla punje haijapondeka kwa vidole viwili.

Saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, usipitishe hapo bila kubadilisha maji au kuyaweka kwenye friji. Ukiona povu na harufu ya uchachu, yameanza kuharibika. Ukisahau usiku, chemsha maharage makavu dakika mbili, epua, funika, yaache saa moja. Si sawa na usiku mzima lakini yanakaribia. Kwa njia zote mbili, mwaga maji ya kulowekea. Yana sukari zinazojaza tumbo gesi, na kwenye maharage mekundu yana sehemu ya lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha.

Kuna maharage ambayo hata ukiyaloweka siku nzima hayaivi. Sababu huwa mbili. Ya kwanza ni umri: yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu hukakamaa ndani, na hakuna ujanja wa kuyarudisha kamili. Sokoni angalia rangi, maana mengi yanakolea na kupoteza mng'ao kadiri yanavyozeeka, na muulize muuzaji ni ya msimu gani. Ya pili ni maji magumu ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kwa hayo tumia maji ya bomba au ya mvua, walau kwa maharage tu. Magadi yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1, na yakizidi chakula kinateleza mdomoni. Kama ni lazima, ncha ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima inatosha.

Mfuniko na moto mdogo

Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 314 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257, mara saba zaidi. Ndiyo maana sufuria inayotokota kwa fujo, mfuniko umeondolewa, inakula mkaa bila kuharakisha chochote. Maji yakishachemka hayapandi joto zaidi hata ukiongeza moto. Unachoongeza ni mvuke tu, halafu unaongeza maji, na unaanza tena kuyapasha. Nairobi na Mbeya hali ni ngumu zaidi kwa sababu ya mwinuko, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, na maharage yanachelewa kuiva kuliko pwani.

Kwa hiyo yakishachemka kwa nguvu dakika za mwanzo, funika, punguza moto hadi uone mapovu madogo yakipanda taratibu. Kwenye jiko la mkaa, punguza moto kwa kufunga kidirisha cha chini. Kama kidirisha kimeharibika na hakifungi, peleka jiko kwa fundi bati. Bila hicho huna namna ya kuuongoza moto. Sufuria iliyobonyea mdomoni isiyokubali mfuniko ifanye ya kulowekea.

Kikapu cha kuhifadhia joto

Hiki ndicho ningependa kila nyumba iwe nacho, na kinatengenezwa kwa vitu vilivyopo. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke kwenye sufuria iliyokwisha kuchemka, chakula kiendelee kuiva bila moto. Wazungu wakati wa Vita Kuu ya Pili walitumia masanduku ya nyasi kavu kwa kazi hiyohiyo, mafuta na makaa yalipokuwa ya mgao.

Chagua sufuria moja yenye masikio mafupi na mfuniko unaobana, ya lita tano kwa familia ya watu watano au sita. Mpini mrefu haufai. Tafuta kikapu cha ukindu, tenga au boksi gumu linaloacha nafasi ya sentimita 10 kila upande wa sufuria, chini na juu pia. Sufuria ya kipenyo cha sentimita 24 inataka kikapu chenye upana wa ndani wa sentimita 44 hivi. Nafasi hiyo ijaze sufi, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuanikwa, pumba kavu za mpunga zilizofungwa kwenye vifuko, au nguo kuukuu zilizokatwa vipande. Usishindilie, hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayozuia joto. Ndani zungushia kiroba safi ili mvuke usiloweshe ujazo, maana ujazo wenye maji unapitisha joto badala ya kulizuia. Juu yake tandika kitambaa cha pamba kinachofuliwa. Mwisho shona mto mnene wa kufunika juu, mpana kupita mdomo wa kikapu, unaobonyea na kuziba kila pembe. Vikapu vingi vinavyoshindwa vina mto mwembamba.

Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu, mapovu makubwa, dakika ishirini. Dakika hizo usizipunguze. Lektini niliyoitaja huvunjwa na mchemko kamili, na maharage mekundu yanayopata joto la nyuzi 80 tu bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu zaidi kuliko yakiwa mabichi. Hakikisha maji yanafunika maharage kwa sentimita mbili, usiongeze zaidi, kwani hakuna yatakayokauka. Epua, pangusa kitako usibebe kaa la moto kwenda kwenye makumbi, ingiza kikapuni ndani ya nusu dakika, bonyeza mto. Usifunue kwa saa tatu hadi nne. Kila ukifunua kuchungulia unatoa mvuke uliokuwa ndiyo moto wako, na utalazimika kurudisha jikoni.

Wali ni rahisi zaidi: kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, chemsha dakika tano, kikapuni saa moja. Uji wa dona chemsha dakika tano, uache nusu saa. Nyama ngumu ya mchuzi ichemke dakika ishirini na tano, halafu saa tatu. Makande, mahindi yakiwa yamelowekwa pamoja na maharage, yanataka nusu saa ya moto na saa nne au tano za kikapu, na mara nyingi yanadai kurudishwa motoni mara moja katikati.

Sufuria ijae walau theluthi mbili. Chakula kidogo kina joto kidogo na kinapoa upesi, kwa hiyo kikapu hakimfai anayepika kikombe kimoja cha maharage. Na usalama: ukifungua na kukuta sufuria inashikika kwa mikono mitupu, chakula kimeshuka chini ya nyuzi 60, joto ambalo vijidudu vinazaliana. Kikikaa kikapuni zaidi ya saa nne, kichemshe tena kabla ya kula au kuhifadhi. Kiporo kisilale kikapuni.

Presha ya umeme

Mwenye umeme wa kuaminika aangalie jiko la presha la umeme. Ndani yake joto linafika nyuzi 110 hadi 120, na kwa kuwa limefunikwa pande zote linawasha koili yake ya joto kwa vipindi tu. La lita sita lenye wati 1,000, likipika nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, kwa kawaida halifikishi nusu uniti ya umeme. Kwa anayelipa shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni chini ya shilingi 180. Linganisha na mkaa wa sufuria hiyohiyo.

Yaliyolowekwa yanataka dakika 25 za presha, kisha uache presha ishuke yenyewe kwa dakika ishirini. Ukifungua tundu la mvuke kwa haraka, maharage yanapasuka na povu linaruka hadi kwenye vali. Usijaze zaidi ya nusu ya chungu kwa nafaka na mikunde, hata kama mstari wa juu unaruhusu. Kijiko cha mafuta kinapunguza povu. Umeme ukikatika katikati usifungue. Joto lililobaki linaendelea kupika, na mara nyingi maharage yanamaliza yenyewe.

Majiko haya yanakufa kwa mambo mawili. La kwanza ni maji: mtu anaosha chungu cha ndani, anakirudisha kikiwa na matone kwenye kitako, maji yanaingia kwenye sahani ya joto na kihisi kilicho katikati. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila mara. La pili ni waya wa nyongeza wa bei rahisi unaogawanywa na pasi au hita. Wati 1,000 zinavuta zaidi ya ampea 4. Chomeka moja kwa moja ukutani. Mpira wa mfuniko utoe uoshe kila baada ya mlo wenye viungo, na ukianza kuona mvuke unatoka pembeni, nunua mwingine wa ukubwa uleule kabla hujalaumu jiko.

Anayebaki na mkaa

Pika nje au mlangoni kwenye upepo. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi Njombe, Makete au Limuru kuna hatari ya watu kulala na jiko chumbani wapate joto na wasiamke. Jiko lenye mkaa unaowaka lisilale ndani ya nyumba, hata dirisha likiwa wazi kidogo.

Ukishaepua, makaa mazima yahamishe kwa koleo kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, nje ya nyumba, mbali na ukuta wa mbao. Yanazimika kwa kukosa hewa na kesho yanawaka upya. Usiyazime kwa maji. Yanapasuka vipande, yanachelewa kushika na yanafuka moshi. Kama sufuria iliyofuata ingeweza kuwekwa juu ya moto huohuo, panga mapema: maharage yachemke kwanza dakika ishirini moto ukiwa mkali, yaende kikapuni, na moto unaoshuka upike mboga, kisha maji ya kuoga.