Kiungulia cha miaka mingi, je nitapata kansa ya umio?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 54, kiungulia kinanitesa kila wiki, sasa shemeji kanitisha eti hiyo ndo kansa ya umio inaanza. Kuna kipimo cha kujua nani ataipata?

JIBU: Marahaba. Shemeji kazidisha chumvi kidogo. Kipimo cha kukwambia wewe utaipata na yule hatapata hakuna, tunachofanya ni kujumlisha vihatarishi, yaani kiungulia cha muda mrefu, kuwa mwanaume, umri zaidi ya 50, kitambi, sigara, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Vikikutana kadhaa hapo ndo tunakutafutia Barrett, ni pale asidi ya tumbo inapobadilisha utando wa ndani wa sehemu ya chini ya umio, na hata ukiwa nayo wengi hawafiki kwenye kansa, kwa mwaka ni chini ya mtu 1 kati ya 100.

Kuigundua hiyo Barrett ni kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, wanachukua vinyama vidogo vinaenda maabara. Siku hizi kuna na kidonge chenye uzi, unakimeza, ganda linayeyuka tumboni, sponji inafumuka halafu inavutwa juu ikikwangua seli. Mbinu tamu hiyo, ila hospitali nyingi bado hazina.

Aina nyingine ya kansa hii haihitaji kiungulia kabisa, hiyo inapenda sigara, pombe na vinywaji vya moto sana, vile vya zaidi ya nyuzi 65. Ila chakula kikianza kukwama au unapungua uzito bila sababu, usisubiri kupiga hesabu za vihatarishi, nenda hospitali wiki hiyohiyo.