Mbona chembe za sumaku huganda kwenye maji ya kisima?

SWALI: Salaam, Mhariri. Sisi wanafunzi wa Kisauni, Mombasa, tunaunda kihisi cha kutambua bakteria wa E. coli kwenye maji ya kisima. Chembe zetu nano za magnetaiti (oksidi ya chuma yenye sumaku), tulizozivika sitreti (chumvi ya asidi ya limau), zilielea vizuri kwenye maji yaliyokenekwa. Tulipozitia maji ya kisima zilishikana na kutuama kwa dakika chache, na kihisi kikaonyesha bakteria wapo hata kwenye maji tuliyoyachuja. Isitoshe, rangi imegeuka hudhurungi. Tumekosea wapi?

JIBU: Kingamwili zenu, yaani protini za kushika bakteria, msizilaumu kwanza, anzeni na maji. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji yanayopenya humo huyeyusha chokaa, na visima vya karibu na bahari huingiliwa na chumvi. Sitreti hutenganisha chembe kwa chaji hasi, zikawa zinasukumana. Chumvi huififisha chaji hiyo. Kalsiamu ni mbaya zaidi: ina chaji chanya mbili, hivyo hushika chembe hii huku na nyingine kule. Vidonge vya chembe vinavyotokea hutuama juu ya kihisi, nacho hakiwezi kujua kama vimeletwa na bakteria au vimejiangukia tu.

Sitreti pekee haitoshi hapa. Vikeni chembe dekstrani (aina ya sukari yenye molekuli ndefu) yenye vikundi vya kaboksili vyenye chaji hasi, ambayo nyuzi zake ndefu huzizuia kukaribiana hata chaji ikififia. Anzeni na dekstrani yenye uzito sawa na wa chembe kavu, korogeni usiku kucha, kisha osheni mara tatu kwa sumaku. Halafu, kabla hamjapoteza hata tone la kingamwili, changanyeni mililita 1 ya chembe na mililita 1 ya maji ya kisima kwenye kichupa. Kitazameni baada ya saa moja mbele ya karatasi nyeupe. Sehemu ya juu ikianza kuwa maji matupu, uvikaji haujafaulu.

Kama mnaoshea bafa (myeyusho wa kutuliza pH) ya fosfeti, acheni. Fosfeti hung'ang'ania chuma kuliko sitreti na huing'oa. HEPES, bafa isiyo na fosfeti, ya milimola 10 kwa lita, pH 7.4, inafaa.

Kuhusu rangi: hewa imegeuza magnetaiti kuwa maghemaiti, oksidi nyingine ya chuma iliyo ya hudhurungi. Nguvu yake ya sumaku hupungua kidogo, lakini ikiendelea kuvutwa na sumaku inatumika. Iliyokuwa nyekundu-kahawia tangu mwanzo na haivutwi, mwageni. Mara nyingi chanzo ni kloridi ya chuma II iliyozeeka kwenye unyevu wa pwani: njema ni ya kijani hafifu, iliyoharibika ina umanjano. Mkitengeneza upya, tumieni gramu 5.4 za kloridi ya chuma III yenye maji sita kwa gramu 2 za kloridi ya chuma II yenye maji manne, katika mililita 100 za maji yaliyopulizwa nitrojeni kwa dakika 30 ili kutoa oksijeni. Amonia itiwe haraka kwenye nyuzijoto 80 za Selsiasi, huku mkikoroga kwa nguvu.

Kila mnapopima, wekeni pia kichupa cha chembe zilizovikwa albumini, protini isiyolenga E. coli, badala ya kingamwili. Hicho nacho kikisomeka juu, tatizo bado ni kutuama.