Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama umechelewa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kazini wameleta programu mpya ya hesabu, na aliyepewa kazi ya kuwafundisha ni yule kijana uliyempokea wewe mwenyewe mwaka juzi, alipokuja kwa mazoezi ya vitendo. Uliona haya kumuuliza mbele za watu, ukaitikia kwa kichwa kana kwamba umeelewa. Sasa unaniuliza: "Mama, nirudi chuo, au nimeshachelewa?"

Hujachelewa. Ila kuna jambo sijawahi kukusimulia, na hadi leo linanichoma.

Nilipokuwa nauguza, wagonjwa wa vidonda vya tumbo nilikuwa nawaambia chanzo ni mawazo na asidi kuzidi. Ndivyo nilivyofundishwa, na mtihani niliufaulu kwa jibu hilohilo. Siku moja mwanafunzi wa uuguzi akaniuliza wodini: "Sista, mbona huyu akimaliza dawa anarudi tena na tena?" Nikamfokea. Nikamwambia aliyekuja kujifunza asinifundishe kazi. Binti yule akainamisha macho, akaendelea kukunja shuka, na hakuniuliza tena kitu chochote hadi alipomaliza mafunzo.

Kumbe swali lake lilikuwa na jibu. Huko Australia, tangu miaka ya 1980, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walikuwa wakisema vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria. Wakubwa wengi wa fani hawakuwaamini, hata mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi habari hizo zilinifikia kwenye semina, muda mrefu baada ya siku ile. Nilikaa pale nikiwahesabu wagonjwa niliowakumbuka kwa sura, ambao huenda wangepona kwa dawa za kuua bakteria. Laiti ningelibeba swali la yule binti hata kwa wiki moja, nikauliza, nikasoma!

Ndipo nilipoanza daftari, dogo la kuingia mfuko wa sare. Ukurasa wa kushoto naandika swali, wa kulia jibu nikilipata. Asubuhi kabla ya zamu nafunika upande wa kulia kwa kiganja, najijibu kwanza, ndipo nafunua. Huko kufunika ndiko kazi yenyewe, mwanangu. Kusoma tu na kupita hakushiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaandika kwamba sehemu kubwa humtoka mtu ndani ya siku ya kwanza, lakini akirudia kwa siku tofauti hukaa zaidi.

Chuo rudi kama kuna fani unayoitaka kwa dhati. Usirudi kwa sababu ya kukimbia aibu, maana utaikuta kazini inakusubiri.

Kesho mwendee yule kijana. Mwambie ukweli, kwamba uliitikia na hukuelewa. Akuonyeshe mara moja, kisha kiti ukalie wewe, kipanya ukishike wewe, yeye asimame pembeni akuangalie unavyokosea. Na siku atakapokuuliza yeye swali usilolijua, tafadhali, liandike.

Ni mimi mama yako,
nikupendaye sana.