Bamba la juu ya mfereji lina taji na simba, ni la nani?

SWALI: Asalaam alaykum. Mie nakaa Mkunazini, nyumba ya urithi, na uani kwetu pana bamba la chuma lilofunika mfereji, tangu mie mtoto tunalikanyaga, tunafulia juu yake, bibi anaparia samaki hapo hapo. Mwezi uliopita kaja fundi kuzibua mfereji, likageuzwa na wanaume watatu, eebo, chini kuna picha! Ngao mbili za mviringo zimekaa ubavu kwa ubavu, juu taji lina vishanga tisa tumevihesabu, na simba kasimama huku na huku. Bibi anasema ni kaburi la mzungu lirudishwe haraka, kaka kashapata mtu wa vyuma chakavu anataka kulipima kwa kilo, na wifi yangu anasema upande wa nyuma bapa unafaa kuchomea mkate wa ufuta. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykum salaam. Huyo wa vyuma chakavu mwambieni apite zake kwanza, mengine ndo tuzungumze.

Kaburi sio, nisalimie bibi na umtoe hofu. Kwa ulivyolieleza hilo ni bamba la meko, tena la Kifaransa. Huku kwetu mafiga matatu na moshi unatoka wenyewe, lakini baridi ya Ulaya sio kipupwe chetu cha kujifunika kanga, wenzetu walikuwa wanawasha moto ndani ya chumba, ukutani, na dohani juu ya kupitisha moshi. Sasa moto wa magogo kila siku unakula ukuta, mawe yanapasuka, ndo wakaanza tangu karne ya 15 kuegemeza bamba la chuma cha kusubu nyuma ya moto. Linakinga ukuta, halafu linashika joto na kulitoa pole pole hata moto ukishalala. Kule Lorraine walizidi ujanja, wanatoboa ukuta nyuma ya bamba na chumba cha pili nacho kinapata joto bila ya kuwashwa moto wake.

Na hiyo nyuma anayoitaka wifi ipo bapa kwa sababu ya namna ya kusubu. Kinachongwa kielelezo cha mbao, kinakandamizwa kwenye mchanga wenye unyevu, kikitolewa linabaki shimo lenye picha, chuma kilichoyayuka kinamiminwa humo, juu kuko wazi. Picha inakuwa chini, juu kunajisawazisha kwenyewe kama mkate wa kumimina. Lakini asichomee kitu bwana, miaka yote hiyo juu ya maji machafu na rangi za zamani hazijulikani zina nini.

Tuje kwenye picha. Ngao ni alama ya ukoo, na ngao mbili pamoja ni ndoa, ya mume ndo ile iliyo kushoto kwako ukiitazama, ya mke kulia. Taji la lulu tisa ni la cheo cha kont, yani mtukufu wa chini ya duk na marki, ila msianze kujiita ukoo wa kont, maana karne ya 18 watukufu wa Ufaransa walikuwa wanajivika mataji ya vyeo wasivyokuwa navyo na hakuna wa kuwauliza. Jina la ukoo litatoka ndani ya ngao, na chuma hakina rangi, kwa hiyo rangi za ngao zinaonyeshwa kwa alama, ndo hapo mnamulike na tochi kwa ubavu. Nukta nukta maana yake dhahabu, mistari ya kusimama nyekundu, ya kulala buluu, pakiwa patupu ni fedha. Pigeni picha au wekeni karatasi juu msugue na mkaa.

Kilichonichekesha ni hili la kugeuzwa. Juni 1790 Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta utukufu wa kurithi pamoja na nembo zake, na baadae ikaja amri mabamba ya namna hii yageuzwe, picha itazame ukuta. Wengi wakaona kuvunja chuma kizima ni hasara, wakageuza tu. Kwa hiyo la kwenu kulala kifudifudi sio ajabu, limezoea.

Lakini tahadhari, karne ya 19 na 20 waliyaiga kwa wingi. Chuma kikipoa kinasinyaa kama sehemu moja kwa mia, kwa hiyo nakala iliyosubiwa kutoka kwenye bamba jengine inakuwa ndogo kidogo na picha yake butu, manyoya ya simba yamefifia. Hata mwaka ukiuona umeandikwa usiuamini peke yake, nao unaigwa vile vile. Na msikimbilie kusema kaja nalo balozi wa Ufaransa au mapadri wa kanisa la Minara Miwili hapo Unguja, kwani chuma kizito hivo chaweza kufika hata kama farumi tu, yani uzito wa kukituliza chombo, tumboni mwake.

La kufanya: lisiangushwe, chuma cha kusubu kinavunjika kama kigae. Kutu itoeni kwa brashi ya waya kavu, gurainda isilisogelee kabisa itakula picha, mkimaliza pakeni nta kwa ajili ya hewa ya chumvi, mliegemeze ukumbini picha nje. Mfereji ufunikeni kwa zege.